Jaribio Kigeugeu na Diski Iliyo Mbali

Ndugu mwenyekiti, wahandisi wenzangu, na ninyi vijana mnaomalizia masomo ya kompyuta: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za mchana. Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nitaanza na habari ya diski iliyofutwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu ndogo iliyotunza zana za kuunganisha seva na diski za mbali kwa iSCSI. Kwa wasioizoea, iSCSI ni itifaki inayoifanya diski iliyomo kwenye mashine nyingine ionekane na kompyuta yako kana kwamba imefungwa humo ndani. Amri za diski husafiri kwenye mtandao, kwa kawaida kupitia poti 3260. Tulikuwa na majaribio yaliyojiendesha yenyewe kila msimbo ulipobadilishwa: ingia kwenye seva, ngoja diski itokee, iwekee mfumo wa faili, andika, soma, toka. Mara moja moja jaribio hilo lilianguka kwa sababu diski ilikuwa haijatokea. Mwenzetu mmoja akaongeza amri ya kulala sekunde 5. Likatulia kama miezi miwili, kisha likaanza tena. Tukafanya sekunde 10. Lilipoanguka tena tukauambia mfumo uwe unalirudia hadi mara tatu kabla ya kutupigia kelele. Nami nilikubali, tena kwa mkono wangu. Hakuna aliyeuliza diski inachelewa wapi.

Usiku mmoja kazi ya kuhifadhi kumbukumbu zetu ilikatika njiani. Ilikuwa imeshaondoa mfumo wa faili, lakini haijafunga sesheni yake ya iSCSI. Diski ya kumbukumbu ikabaki kwenye mashine ikiwa na jina /dev/sdb. Jaribio letu likaja, likaingia kwenye seva yake, likalala sekunde 10, likachukua /dev/sdb kama skripti ilivyosema, na mkfs, amri ya kuunda mfumo wa faili, ikaandika mfumo mpya wa faili juu yake. Tulikuwa tumeiwekea alama ya kulazimisha ili isiulize maswali. Matokeo ya miezi minne yakaenda. Na jaribio, ndugu zangu, lilipita. Asubuhi tulikuta ukurasa mzima wa kijani.

Kilichopotea kilikuwa chetu wenyewe, tukaweza kukivumilia. Lakini zana ile ile hutumika hospitalini, benki, ofisi za ardhi. Diski ya mbali hubeba vitu ambavyo mwenyewe hana nakala yake kwingine. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kwa makini juu ya majaribio vigeugeu: yale ambayo msimbo haujabadilika hata herufi, leo yanapita, kesho yanaanguka.

Msidhani ni tatizo la timu ndogo. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walieleza hadharani kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiasi fulani, na kwamba jaribio lilipogeuka kutoka kupita hadi kuanguka, katika asilimia 84 ya mageuko hayo kulikuwa na jaribio kigeugeu. Fikiria maana yake kwa kijana anayeanza kazi. Taa nyekundu ikiwaka, uzoefu unamwambia aipuuze. Mwongo hata akisema kweli haaminiki, na jaribio nalo likishazoea kudanganya, siku linapokamata dosari ya kweli mtu anabonyeza kitufe cha kurudia na kwenda kunywa chai.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Chukua majaribio 100, kila moja likianguka bure mara moja tu katika mara 100. Uwezekano wa yote kupita kwa pamoja ni kama asilimia 37. Hivyo karibu mara mbili kati ya tatu mtu aliyeandika msimbo safi ataona nyekundu. Ndipo tunapokimbilia kurudia mara tatu. Sasa tazama upande wa pili: tuseme kuna dosari ya kweli inayojitokeza mara moja katika mara tano. Kwa mtumiaji hiyo ni balaa. Lakini ukiruhusu jaribio lirudiwe hadi mara tatu, ili liwe jekundu ni lazima lianguke mara zote tatu, na hilo hutokea mara 8 tu katika 1000. Mara 992 zilizobaki umeificha dosari kubwa kwa mkono wako mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuingie kwenye chanzo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa marekebisho 201 ya majaribio vigeugeu kutoka miradi ya Apache. Sababu iliyoongoza, takriban asilimia 45 ya yale waliyoweza kuyaainisha, ilikuwa jaribio kutongoja ipasavyo jambo linalotendeka pembeni. Zilifuata kazi zinazogombania kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha majaribio yanayotegemea mpangilio, yaani la pili hupita au huanguka kulingana na la kwanza liliacha nini. Ukitazama kisa chetu cha diski utaona sababu ya kwanza na ya tatu zimekaa meza moja.

Kwenye hifadhi ya mtandao karibu kila kitu hutendeka pembeni. Iscsiadm, amri ya kusimamia iSCSI, ikirudi na kusema umeingia, maana yake ni sesheni imefunguka. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, bado inauliza seva ina diski zipi, kisha inatangaza diski mpya, kisha udev, huduma inayosimamia majina ya vifaa, inapokea tangazo na kutengeneza majina chini ya /dev. Hatua hizo huchukua milisekunde chache kwenye mashine iliyopumzika, na sekunde kadhaa kwenye mashine inayoendesha kazi nyingine nane. Sekunde 5 tulizoweka zilipima uchovu wa mashine siku ile tulipoziandika.

Wengi watasema: tumia udevadm settle. Nimeitumia sana, na ina tundu. Inangoja foleni ya matukio iishe. Kama kerneli haijatoa tukio bado, foleni ni tupu, na amri inarudi papo hapo ikikuambia mambo yametulia. Dawa iliyotufaa ni kungoja hali yenyewe unayoitaka: jina lile refu chini ya /dev/disk/by-path, lenye anwani ya seva, poti, jina la shabaha (huduma ya iSCSI tunayoungana nayo kwenye seva) na namba ya diski. Angalia kila sehemu ya kumi ya sekunde, weka kikomo cha juu kikubwa, tuseme sekunde 60, na kikomo kikifika anguka kwa maneno yanayosema ulikuwa unangoja nini na uliona nini badala yake. Kwa kawaida jina hutokea haraka, kwa hiyo jaribio zima linakuwa jepesi kuliko lilipokuwa linalala. Kisha kabla ya kugusa diski, soma namba yake ya utambulisho na ukubwa wake, uvilinganishe na vile ulivyoviumba wewe kwenye seva. Visipolingana, simama. Mistari michache hiyo ingeokoa kumbukumbu zetu.

Sasa NFS, ambayo nadhani wengi humu mnaigusa kila siku, na ambako nitakaa zaidi. NFS ilitoka Sun Microsystems mwaka 1984, na humruhusu mteja kupachika saraka ya seva, au kumaunti kama tunavyosema kazini, akaitumia kama yake. Ugumu wake kwa mwandishi wa majaribio ni kwamba tabia nyingi zinazofanana na hitilafu zimo ndani ya itifaki kwa makusudi.

Chukua kumbukumbu ya muda ya mteja, ile kache ya sifa za faili. Kwenye Linux, usipobadilisha chochote, mteja huamini alichokijua kuhusu faili kwa sekunde 3 hadi 60, na kuhusu saraka kwa sekunde 30 hadi 60. Hukumbuka hata jina ambalo halikuwepo. Sasa jaribio linasema: mteja wa pili aangalie kama faili ipo, aambiwe haipo, mteja wa kwanza aitengeneze, wa pili aangalie tena. Mara nyingine ataiona mara moja, mara nyingine atakaa nusu dakika akiapa haipo. Mtu asiyejua hili ataongeza usingizi wa sekunde 5, na jaribio litapita siku ambazo kache ilikuwa inakaribia kuisha.

Wapo wanaozima kache yote kwa chaguo la noac. Mimi siliungi mkono hilo kama desturi, kwa sababu unaishia kupima mfumo ambao mtumiaji wako haendeshi. NFS inaahidi jambo moja la wazi: mteja mmoja akishafunga faili, mwingine akaifungua baada ya hapo, ataona kilichoandikwa. Jenga jaribio juu ya ahadi hiyo. Mteja wa kwanza afunge, atoe ishara kwamba amefunga, ndipo wa pili afungue. Na kama unachopima ni jina kuonekana, pachika kwa lookupcache=none kwenye jaribio hilo moja, uandike sababu pembeni yake.

Jambo la pili ni seva kuwashwa upya. Katika NFS toleo la 4, seva ikirudi huingia kipindi cha neema. Katika muda huo wateja wa zamani hudai kufuli zao, na hakuna anayepewa kufuli mpya wala kufungua faili upya. Kwenye Linux kipindi hicho kwa kawaida ni sekunde 90. Tulikuwa na jaribio lenye kikomo cha sekunde 60 lililowasha seva upya na kufungua faili. Kwa sekunde 60 dhidi ya 90, ungetegemea lianguke kila mara. Lakini lilipita mara nyingi, likaanguka mara chache, na lilituchukua wiki tatu kulielewa.

Sababu ilikuwa hii. Seva ya Linux huandika kwenye diski orodha ya wateja wenye haki ya kudai. Kama orodha ni tupu, au wote walioandikwa wameshamaliza kudai, haingoji tena, inafungua milango mapema. Jaribio letu lilipotanguliwa na jaribio lililosafisha vizuri, neema iliisha karibu papo hapo. Lilipotanguliwa na jaribio lililouawa kwa nguvu, mteja wake alibaki kwenye orodha, na seva ikakaa sekunde zote 90 kwa uaminifu ikimngoja mtu ambaye hatarudi. Mwenye kosa alikuwa jirani, na aliyeshtakiwa alikuwa mwingine. Tangu hapo kila jaribio letu la kuwasha upya huanza na seva mpya kabisa isiyo na orodha, na kwenye nfs.conf ya majaribio tumeshusha muda wa neema na wa ukodi (muda ambao seva humhesabu mteja yuko hai bila yeye kujitokeza) hadi sekunde 10. Liko jaribio moja tu linaloendeshwa usiku kwa sekunde 90 kamili, kwa kuwa ndizo wateja wetu wanaishi nazo.

La tatu nitalipita haraka: saa. Kwa kawaida muda wa mabadiliko ya faili kwenye NFS huandikwa na saa ya seva. Ukiulinganisha na saa ya mteja, saa zikiachana kwa sehemu ndogo ya sekunde, faili inaonekana imeandikwa kabla jaribio halijaanza. Linganisha saa ya seva na saa ya seva.

Hadi hapa nimesema juu ya majaribio yanayoanguka bure. Yanayopita bure ndiyo yanayonikosesha usingizi. Andika faili kwenye NFS, isome kwenye mteja yule yule, linganisha: sawa. Lakini umesoma kutoka kwenye RAM ya mteja. Inawezekana seva haijapokea hata baiti moja. Tena kosa la diski kujaa au mgawo kwisha linaweza kutojitokeza wakati wa kuandika kabisa. Huja kwenye fsync, wito unaolazimisha data ifike kwenye hifadhi, au faili inapofungwa. Skripti isiyoangalia jibu la hatua hizo itatangaza ushindi. Kwa hiyo tunaandika kwa dd, amri ya kunakili data, yenye conv=fsync, tunaangalia jibu lake, kisha tunasomea kwa mteja wa pili, au tunaondoa na kupachika upya kabla ya kusoma. Tulipofanya badiliko hilo, majaribio mawili yaliyokuwa ya kijani tangu yazaliwe yaligeuka mekundu siku hiyo hiyo, na yote mawili yalikuwa na haki. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kijani.

Kuna pia kuganda. NFS ikipachikwa kwa njia ngumu, ambayo ndiyo ya kawaida, seva ikipotea mteja hujaribu bila kukoma. Hilo ni jema kwa data, lakini mfumo wa majaribio utakwama hadi asubuhi. Kuanzia kerneli 2.6.25, operesheni ya NFS inayongoja hukatishwa na ishara ya SIGKILL, ile ya kuua mchakato kwa nguvu, peke yake. Amri ya timeout ikiachwa ilivyo hutuma SIGTERM, ombi la upole la kujifunga, na mchakato unabaki pale pale. Ongeza chaguo la -k, ili SIGKILL ifuate. Nimeona watu wakikwepa shida hii kwa kupachika kwa njia laini. Jaribio halitaganda, lakini kosa la muda litamfikia mwandishi wa data, jambo ambalo mtumiaji wa njia ngumu hatalipata. Umebadilisha swali ili upate jibu rahisi.

Kuhusu kusafisha, tulikuwa na tabia ambayo naamini iko kwenye skripti nyingi humu: kila amri ya kusafisha ilifuatiwa na || true, ili kosa lolote lipuuzwe. Ndiyo iliyoruhusu sesheni kubaki wazi usiku ule. Iscsiadm hutoa namba zenye maana. 21 ni kwamba hakuna kilichopatikana, na wakati wa kusafisha hiyo ni habari njema. 15 ni kwamba sesheni ipo tayari, na mwanzoni mwa jaribio hiyo ni kengele ya hatari. Tunakubali 21 pale tu inapotarajiwa. Namba nyingine yoyote inasimamisha kazi na mashine inatupwa. Kila jaribio lina jina lake la shabaha, saraka yake na eneo lake la mtandao lililojitenga, na kila usiku mpangilio unachanganywa ili anayemtegemea jirani ajulikane. Mashine yenyewe ni ya kubuni, inawashwa na QEMU, programu ya kuiga mashine, na kufa jaribio likiisha.

Na ijitegemee kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mnakumbuka intaneti ilivyokuwa hapa Tanzania. Majaribio yetu yalikuwa mekundu yote, na hakuna hata moja lililohusu hifadhi. Kila moja lilikuwa linaanza kwa kupakua vifurushi kutoka ng'ambo. Siku hizi vifurushi vyote viko kwenye diski ya ndani, na mtandao wa majaribio hauna njia ya kutokea nje. Tukitaka mtandao mbovu tunautengeneza wenyewe kwa netem, zana ya Linux ya kuiga mtandao mbovu: kuchelewa milisekunde 100, kupoteza kifurushi kimoja katika 100. Ubovu huo una kipimo, na unaweza kuurudisha kesho ulivyokuwa leo.

Mtaniuliza, jaribio likianguka leo tufanye nini? Kwanza, ushahidi upatikane mara ile ile: ujumbe wa kerneli, mountstats za mteja (takwimu za NFS), na rekodi ya tcpdump, zana ya kunasa vifurushi vya mtandao, kwenye poti 2049 ya NFS na 3260 ya iSCSI, inayojizungusha ili isijaze diski. Bila hivyo kila anayeanza uchunguzi anaanzia gizani. Pili, ukidhani umetibu, usiridhike na kurudia mara kumi. Jaribio linaloanguka mara moja katika 100 litapita mara kumi mfululizo kwa uwezekano wa asilimia 90. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 unahitaji kulirudia kama mara 300 bila kuanguka. Sisi tunafanya 300, tena mashine ikiwa imelemewa kwa makusudi, maana humo ndimo vigeugeu hujitokeza. Tatu, lisilotibika leo litengwe, lisizuie wengine, lakini liwe na jina la mhusika na tarehe, na liendelee kuendeshwa kila usiku likirekodiwa. Kulifuta hatukubali.

Na lipo moja lililotengwa hadi leo, ambalo nimekuja nalo kwenu. Faili ikifutwa kwenye NFS ingali imefunguliwa na mchakato mwingine wa mteja yule yule, mteja huibadilisha jina ikaanza na .nfs, na kuifuta kweli inapofungwa. Jaribio letu linafunga faili, linangoja jina hilo lipotee, kisha linafuta saraka. Linangoja hali, kama nilivyohubiri. Hata hivyo, kama mara moja katika 400, seva inajibu kwamba saraka si tupu, nasi tukiiangalia sekunde hiyo hiyo tunaikuta tupu. Rekodi ya vifurushi ya mara nne za mwisho ninayo kwenye kompyuta hii. Aliyewahi kuliona, au anayetaka tulisome pamoja kifurushi kwa kifurushi, nitakuwa meza ile ya dirishani wakati wa chai. Asanteni sana.